Wasiomo Daftarini

Nilikuwa mtunza stoo jeshini, miaka ishirini na miwili.
Buti, magunia ya posho, mafuta ya taa, risasi:
hakikutoka kitu bila saini;
hata sindano ya kushonea vifungo ilikuwa na namba.

Leo, kabla Arua haijaamka,
nimechutama nyuma ya mlango wa mabati
na kikopo chenye mfuniko wa buluu
na kijiko kidogo kama cha kulishia mtoto mgonjwa.
Nachota kilicho changu, nakitazama.
Hiki nacho nikiandike safu gani?

Daktari Candiru ndiye aliyeniomba.
(Jina lake kwetu ni taabu, ila mikono yake mipole.)
"Mzee Adriko, tumboni mwako wanaishi
vijidudu wengi kuliko watu wote wa dunia.
Tunataka kuwajua."
Nikamwambia ugonjwa wangu uko huku chini, kwenye tezi.
"Nyumba ni moja," akasema.
"Moshi wa jikoni hufika chumbani."

Tezi dume. Neno hilo nililisikia mara ya kwanza
suruali ikiwa magotini.
Tangu hapo, sindano kila miezi mitatu
kuzima homoni ya kiume, maana saratani huila kama posho.
Ikazimika. Ndevu zikachoka.
Joto likawa linanipanda shingoni usiku wa manane,
natupa shuka, nakaa kitako gizani.
Driciru, mke wangu, akanipa upepeo wake.
"Karibu," alisema. "Mimi nilipita humu mwaka ule,
na wewe hukuniuliza."

Nilijipepea.

Kisha namba ya damu, iliyokuwa imelala, ikainuka.
Daktari akachora utumbo kwenye karatasi, akautia nukta.
Huenda, alisema, analipenda sana neno huenda,
huenda baadhi ya hawa, ukilifunga bomba la juu,
huokota masalio mwilini
wakapika wenyewe homoni ile ile, kimyakimya,
na saratani ikaja kunywa.
Kwa panya imeonekana. Kwako, hatujui.

Mimi nilimkumbuka kamanda mpya, kule Moroto,
aliyepiga marufuku pombe mbele ya gwaride.
Tulivunja mapipa, tukamwaga, mbwa wakalewa.
Jumamosi iliyofuata askari walikuwa chakari.
Miezi minne nilitafuta.
Pipa nililikuta stoo kwangu, chini ya magunia,
likiumuka polepole kama kifua cha mtu aliyelala,
kwa unga niliousainia mwenyewe.

Driciru hapendi niwaite wezi.
Yeye hupika kwete; mbegu ya chachu yake ni ya mama yake,
ameilea mtunguni tangu kabla hatujaoana.
"Hao ndio waliokulisha," asema. "Wachache wakiasi,
utauchoma mji?"
Nami nazikumbuka zile kapsuli za rangi mbili
nilizonunua dukani bila cheti, kila kikohozi, kila kidonda,
nikazimeza na chai.
Nani alikufa humo? Nani alibaki akashika usukani?
Sikuhesabu. Mimi, mtu wa hesabu.

Jua limechomoza. Nimekifunga kikopo,
nimekizika kwenye barafu ya muuza samaki.
Aliuliza ni samaki gani huyo.
Nikasema, wa ndani.

Hospitalini Sista Ayikoru amekibandika karatasi:
0417, bila jina.
Majibu, amesema, baada ya miaka mitatu,
na huenda yasinifae mimi, yakamfaa mwingine.
Nimeomba kalamu.
Kwenye fomu hapakuwa na mahali pa mtoaji kusaini.
Nimesaini pembeni.